Kisigino cha Mama Nelius

Mama Nelius hakuja kwangu kwa sababu ya maumivu peke yake. Hilo nililijua kabla hajaketi, na kama mguu wake usingekuwa unauma kweli, ningemrudisha kwake Kanja siku hiyo hiyo na mwavuli wake.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mvua imetoka kupiga Embu mjini na maji yanateremka barabarani yakibeba maganda ya mahindi. Kliniki ya fiziotherapia niliyoajiriwa ilikuwa kimya. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa nikila mkate mkavu na kusikiliza redio, kwa sababu tangu Agosti nilikuwa mtu wa redio. Redio nyumbani, redio kazini. Mtangazaji akisema "hujambo msikilizaji," mimi naitikia. Mtu akifika hapo, jueni hali yake si nzuri.

Agosti ndipo nilipopanda Kanja, kijijini kwao, na wajomba zangu kumposa Nelius. Mama yake, Wambeti, mjane, alitupikia chai ya maziwa mengi, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtoto wake wa mwisho hataolewa Mitunguu kwenye joto na migomba. Mimi ndiye Mutwiri, mtu wa huko Mitunguu, na nilikuwa tayari nimekodi chumba pale sokoni nifungue kliniki yangu mwenyewe mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimekipaka rangi. Nilikuwa nimenunua hata pazia, Nelius akachagua rangi yake kwa simu. Tuliporudi kutoka Kanja aliniambia, "Nipe muda niongee na mum," na huo muda ukawa simu fupi za jioni na kimya kirefu katikati yake.

Sasa mlango ulifunguka akaingia Nelius mwenyewe, koti lake la bluu limelowa mabegani. Moyo wangu ukaruka. Huo moyo ni mjinga, haujawahi kujifunza.

"Mutwiri," alisema, akitabasamu na kuogopa kwa wakati mmoja. "Nimekuletea mgonjwa."

Nyuma yake alikuwa mama yake, ameegemea mwavuli, anachechemea.

Nilizima redio nikasogea mpaka ukutani kumpisha. Sikumpa mkono. Kwetu Meru na kwao Embu jambo hili ni moja: mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye benchi moja, wakikutana njiani mmoja hupisha. Ndiyo heshima ya uthoni. Wachungaji wamehubiri na vijana wamecheka, lakini baba yangu, mzee wa kanisa mwenye tai, mpaka leo humsalimu nyanya yangu akiwa upande wa pili wa ua. Kule Kanja, hata alipotukataa, Mama Nelius hakunipa mkono. Tangu siku hiyo hilo tu ndilo lililonipa usingizi. Nilijiambia, amekataa kwa mdomo, lakini mkono wake unajua mimi ni nani.

"Mama, karibu. Habari ya Kanja?"

"Kanja iko."

Alinijibu kwa Kiswahili. Kimeru changu na Kiembu chake vinasikilizana vizuri tu, lakini alichagua Kiswahili, lugha anayoongea na afisa wa kilimo na askari. Alikaa kitandani, akavua kiatu, akavua soksi, akaunyosha mguu wa kulia mpaka karibu na kifua changu.

"Inaniuma hapa kwa kisigino. Nishike."

Nilibaki nimesimama. Nelius naye aliganda, mkono wake ukiwa bado kwenye vifungo vya koti. Niliona jambo likimwingia usoni polepole, na lilipomaliza kuingia alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mum," alisema. "Si kuna fizio mwanamke hapa, Susan? Si yeye ndiye angekuona?"

"Susan amejifungua. Nimeuliza yule wa hapo mbele. Ako huyu peke yake."

"Basi twende hospitali ya Runyenjes."

"Na hii mguu? Unibebe?" Alinigeukia. "Ama wewe si daktari ya miguu?"

Mama wa msichana akikupa mguu wake uchi uushike mbele ya binti yake, hahitaji kuongeza neno. Amekuambia wewe ni mganga kama waganga wengine, na mkwe hutakuwa. Nikiushika, nimekubali. Nilimtazama Nelius. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na yalinisihi, ila sikujua yananisihi nini, na nadhani hata yeye hakujua.

"Nelius," nikasema, "vua koti unawe mikono."

"Mimi?"

"Wewe ndiye utamshika. Mimi nitauliza na kukuelekeza."

Mama Nelius alicheka kidogo kwa pua. "Hii ni fizio ya redio sasa," alisema, lakini hakuurudisha mguu.

Nilivuta stuli nikakaa mbali, karibu na dirisha.

"Mama, inauma saa ngapi zaidi?"

"Asubuhi. Nikishuka kitanda, ni kama nimekanyaga msumari."

"Halafu?"

"Ikipata moto inapungua. Jioni inarudi na hasira."

"Na hapo asubuhi, ikiwa kama msumari, jikoni unafikaje?"

Aliitazama picha ya mifupa ya mguu niliyoibandika ukutani, akaitazama sana.

"Mama?"

"Natembea na magoti."

Nelius aliacha kupangusa mikono. "Na magoti, mum?"

"Ulitaka nitembee na nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ikiwa ndogo."

"Nakupigia kila jioni! Kila jioni unaniambia uko sawa."

"Jioni niko sawa. Wewe hupigi asubuhi."

Nelius alifundisha darasa la kwanza hapa mjini na alikwenda Kanja mara moja moja Jumapili, kwa chakula cha mchana. Ndugu zake wako Nairobi, na Kanja wanaijua Krismasi. Niliona hesabu hiyo ikipita kichwani mwake. Nikaendelea, maana mimi nikishaanza kumuuliza mgonjwa siwezi kuacha katikati, hata kama majibu yananikata mwenyewe.

"Unavaa viatu gani shambani?"

"Gambuti."

"Zinakutosha?"

"Ni za marehemu." Alirekebisha leso yake kichwani. "Ni kubwa. Naweka matambara mbele."

"Mum, aki ya Mungu. Si nilikununulia zako?"

"Ziko. Hizi za baba yako bado hazijatoboka."

Mimi nilikohoa, nikamwomba anionyeshe jinsi anavyosimama akichuma majani chai. Alishuka kitandani, akashika ukingo, akasimama kama yuko kwenye ule mteremko wake: mguu wa kushoto juu, wa kulia chini, mwili wote umeulalia wa kulia. Niliweza kuona mchana wake mzima. Mwanamke mmoja, kikapu mgongoni, gambuti za mwanaume aliyekufa, vidole vikikaza ndani ya matambara ili zisimtoke.

"Rudi ulale, mama. Nelius, shika kisigino kwa kiganja kizima, usikishike kwa vidole. Hivyo. Kwa mkono wa pili vuta vidole vyake vyote kuelekea juu."

"Hapa?"

"Zaidi. Utaona mshipa mpana unasimama chini ya unyayo."

"Nimeuona."

"Ufuate kwa kidole gumba ukirudi kisiginoni, upande wa ndani. Bonyeza."

"Uuui!" alisema Mama Nelius, na mwavuli ukaanguka.

Nilikuwa nikimwelekeza kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Yeye alinitazama, akatazama mguu, akanitazama tena. Tangu Agosti hatukuwa tumetazamana hivyo, na ilikuwa lazima iwe juu ya kisigino cha mama yake, kimepasuka na kina rangi ya udongo mwekundu. Nilitamani kusogeza stuli. Nilikamata ukingo wa dirisha nikabaki pale pale.

"Mama, uliwahi kuanguka? Ama kuruka mahali?"

"Mwezi uliopita niliteleza na kikapu pale kwa mtaro. Nikatua na hii."

Hapo nikaacha kumwangalia Nelius. Mama wa umri ule, mwenye kikapu kizito, akitua kwa kisigino, mfupa unaweza kupata ufa. Ufa huo unauma mahali pale pale na kwa namna ile ile. Ukiwa ni mshipa, unaukanda, unaunyoosha na mgonjwa anatembea. Ukiwa ni ufa, hatakiwi kukanyaga hata hatua moja, na yeye alikuwa na ule mlima mzima wa kupanda kutoka barabarani mpaka kwake.

"Nelius, sasa weka viganja viwili kwenye kisigino, kimoja kila upande. Bana kwa nguvu."

Alibana. Mama akaguna.

"Imeuma, mama?"

"Sijui. Kidogo."

"Bana tena. Kwa nguvu kabisa."

"Nimebana!"

"Hujabana. Hata ngozi haijabadilika rangi."

"Siwezi, Mutwiri!" Sauti yake ilipasuka. "Siwezi kumuumiza. Anatembea na magoti na wewe unaniambia nimbane!"

Eksirei hufungwa Jumamosi mchana. Ningeweza kusema rudini Jumatatu. Ningeweza kusema tafuteni gari mwende Runyenjes. Ningesema hivyo na wangeondoka, na mimi ningebaki bado ni mkwe mtarajiwa, mikono yangu safi, na labda yule mama angefika nyumbani kwake akiwa na mfupa uliovunjika kabisa. Niliwaza yote hayo na nilimchukia kila mtu mle ndani, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilinyanyuka nikanawa mikono.

"Mutwiri," alisema Nelius kwa sauti ya chini. "Unajua."

"Najua."

Alikwenda dirishani, mahali nilipokuwa mimi, akatupa mgongo.

Nikaushika mguu wa Mama Nelius. Ulikuwa wa baridi na mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaweka viganja pande mbili za kisigino, nikabana kwa nguvu zangu zote huku nikimtazama usoni. Hakukunja uso. Nikabana tena, juu kidogo, chini kidogo. Hakuna kitu. Kisha nikabonyeza kwa kidole gumba pale ndani chini ya kisigino, naye akanikamata bega kwa kucha zake zote.

"Mfupa ni mzima," nikasema. "Ni mshipa tu."

Ni mshipa tu! Kumbe hata Jumatatu ingefaa. Nilitaka kucheka na nilitaka kwenda nyuma ya jengo nikalie peke yangu.

Lakini mguu ulikuwa mikononi mwangu na ulikuwa umekwisha kushikwa, kwa hiyo niliufanyia kazi yote. Nilikanda unyayo kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Nililegeza shavu la mguu, lilikuwa gumu kama ukuni. Nilizungusha kifundo taratibu mpaka kikaacha kulia. Nilibandika plasta pana chini ya unyayo, nikaivuta ishike ule mshipa mahali pake. Nikamweleza asubuhi, kabla hajashuka kitandani, vidole vivutwe nyuma na kuachiliwa, tena na tena. Jioni akanyage chupa ya maji baridi akiiviringisha. Na gambuti za marehemu zipumzike. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema, kwa Kiembu sasa, pole pole ili nisipitwe:

"Ulijua maana yake ukinishika?"

"Nilijua, mama."

"Na ukashika."

"Nilihitaji kujua kama mfupa umepasuka."

Machozi yalimtoka mara moja tu, akayafuta kwa ncha ya leso kabla hayajafika mbali.

"Nilikuwa nimekufunga huku na huku, kijana. Ukikataa, ningeambia watu una kiburi, umemwacha mama mzee akiumwa. Ukikubali, basi wewe si mkwe. Nilipanga hii kitu wiki nzima nikichuma majani. Sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, nikawa naongea na hiyo tu."

"Ulinipata, mama."

"Nilikupata." Alivuta pumzi. "Lakini hiyo kitu hutengenezwa. Mama yangu aliwahi kuteleza mtoni, maji yakambeba, baba yake Nelius akamtoa kwa mkono wake. Angefanya nini, amwache? Akaleta mbuzi, wazee wakala, uthoni ukarudi mahali pake. Na wewe ulete mbuzi. Kisha usinikaribie tena, mguu yangu itaonwa na huyo Susan."

Sikuamini masikio yangu. Niliona chumba cha Mitunguu, pazia limefunguliwa, Nelius anapiga kelele kwamba nimeweka meza vibaya. Niligeuka nimwone anavyofurahi.

Hakuwa amegeuka. Alikuwa bado anatazama nje.

"Nelius, umemsikia mama?"

"Nimesikia." Alipogeuka, uso wake ulikuwa mtulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha. "Kisigino kama hicho kinapona baada ya muda gani?"

Ningemdanganya. Wagonjwa tunawadanganya kila siku, tunawaambia kidogo tu. Lakini huyu ni Nelius.

"Miezi. Wengine mwaka. Na kinaweza kurudi."

"Na hiyo ya kuvuta vidole asubuhi, nani atamfanyia?"

"Anaweza kujifanyia mwenyewe kwa leso."

"Atajifanyia?"

Tulimtazama mama. "Nitafanya," alisema Mama Nelius. Alisema kwa ile sauti ninayoisikia kila wiki kutoka kwa watu ambao hawatafanya, na nadhani alijua nimeitambua, maana alianza kutafuta soksi yake.

"Naomba uhamisho," alisema Nelius. "Kuna shule juu ya Kanja haina mwalimu wa darasa la kwanza. Nitahamia nyumbani."

"Usiniletee hiyo!" Mama yake aliinuka. "Nimesema alete mbuzi! Ni mimi nimesema! Nilikuwa naogopa kukaa pekee yangu, sasa nimeacha kuogopa. Enda!"

"Hujaacha, mum. Umeanza tu kuwa na huruma na yeye."

Mama Nelius alikaa tena, akavuta soksi. Akavaa kiatu.

"Nitangoja," nikasema. "Kliniki ya Mitunguu nitafungua mwaka ujao. Ama mwaka wa pili. Chumba kitangoja."

"Fungua kliniki, Mutwiri."

"Nitakungoja tu. Sioni shida yoyote."

Alinijia karibu, akaongea kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, ingawa chumba chenyewe kilikuwa kidogo na kila neno lilisikika.

"Ukiningoja, nitaanza kungoja apone. Akikosa kupona, nitaanza kungoja kitu kingine. Nitakuwa naamka nampikia uji huku nangoja hicho kitu kingine. Ni mama yangu. Sitaki kuwa huyo mtu."

Nilimpenda zaidi dakika hiyo kuliko siku zote nilizompenda, na nilijua kinachonifanya nimpende ndicho kinachomwondoa kwangu.

Mama Nelius alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa akitembea sawasawa, plasta imefanya kazi yake, hakuchechemea hata kidogo. Alisimama juu ya ngazi akitupa mgongo, akiangalia kama mvua imeisha, ingawa hata mtoto angeona imeisha.

Nelius alivaa koti lake. Alifunga vifungo vyote, akafungua kimoja, akakifunga tena.

"Nionyeshe tena ya asubuhi," alisema. "Nisije nikamvuta vibaya."

"Mwite arudi alale, nikuonyeshe."

"Hapana. Kwa mkono wangu."

Alininyoshea mkono. Nikakishika kiganja chake kama kisigino, nikaweka vidole vyangu chini ya vidole vyake, nikavirudisha nyuma taratibu.

"Mpaka hapo. Ukihisi umekaza, unangoja. Usilazimishe. Halafu unaachilia pole pole."

"Nangoja mpaka lini?"

"Mpaka ulegee wenyewe."

Tulingoja. Mkono wake ulilegea mapema, niliusikia, lakini sikuuachilia, wala yeye hakuuvuta. Pale ngazini mama yake alikohoa, kisha akatuacha kidogo.

"Nimeelewa," alisema Nelius. Akautoa mkono wake, akaenda kumshika mama yake wateremke.